Ng'ombe Ataficha Uso Wapi

Agosti 11
Upepo umeng'oa bati la jiko. Nimelifuata hadi kwenye kichuguu kikubwa, nikalirudisha nimelibeba kichwani. Hapa hakuna wa kumsimulia mambo kama haya ila ng'ombe, nao hawacheki. Ndiyo maana naandika. Shule niliishia darasa la saba kule kwetu Gokwe, kwa hiyo anayesoma asitafute kila nukta mahali pake.

Agosti 15
Ijumaa. Mma Seeletso, yaani mama wa Seeletso, amekuja na pikapu ya jirani kutoka Serowe, kaleta unga, sukari na betri za tochi. Gari likasimama mbali, kwenye ule mti wa miiba, kama kawaida. Mumewe, aliyeniajiri, alizikwa Desemba iliyopita, na mjane aliyevaa nguo za msiba haingii zizini wala hakatizi njia ya ng'ombe. Wanasema ana joto la kifo, ng'ombe watatupa mimba. Kwetu hatuna hili, lakini mwaka wa nane huu niko Botswana, na leo alipoteremka upande upepo unakotoka, moyo wangu ulikwenda moja kwa moja kwa mitamba.

Kwa hiyo mimi ndiye macho yake. Napiga picha kwa simu, nampelekea garini, anatazama mmoja mmoja.

"Huyu mbona mbavu?"

"Kiangazi, Mma."

"Kiangazi kinawala wote au kinachagua?"

Hajawahi kuniambia ahsante. Sukari ananipimia kwa kikombe, kana kwamba nitaifungulia duka.

Agosti 19
Vumbi. Ndama mmoja kafa.

Agosti 24
Jumapili nilipanda kichuguu, maana mtandao unapatikana huko juu tu, nikafungua Tlhwatlhwa. Neno lenyewe maana yake ni bei. Ni tovuti ya bei za ng'ombe waliouzwa. Seeletso, binti wa Mma anayesoma Gaborone, ndiye aliyenionyesha mwaka juzi. Mtu akiuza au akishuhudia ng'ombe akiuzwa anaandika umri, rangi, hali ya mwili, mahali na bei, na kama ana picha anaiweka. Mwingine akitaka kuuza anatazama wenziwe wameuza vipi, ili wanunuzi wasimnyoe. Sharti lake ni moja: ukichukua, nawe utoe. Usipochangia kitu kwa muda, ukurasa unafungwa, unabaki kuona bei za zamani.

Mimi nachangia kila ninaposhuka mnadani. Rangi naziandika kama alivyonifundisha marehemu, maana watu wa huku wana jina kwa kila rangi ya ng'ombe: mwenye mgongo mweupe ana jina lake, mwenye madoa ya kando jina lake. Nina nyota tatu. Huku barabarani mimi ni mkwerekwere, mtu wa lugha isiyoeleweka. Kule natumia jina la Gokwe, na watu nisiowajua wananiandikia: "Tunashukuru, Rra Gokwe." Rra, yaani bwana! Nilisoma mara nyingi kuliko ilivyofaa.

Septemba 2
Injini ya kisima imekufa. Ilikohoa, ikatoa moshi mweusi, ikanyamaza. Nimeifungua, nimeifunga, nimeitukana. Maji yaliyomo kwenye tangi ni ya siku chache.

Septemba 5
Leo magari yalikuwa mawili. Nyuma ya pikapu alikuja Rra Gabaake, kaka mkubwa wa marehemu, mwenye kambi ya ng'ombe upande wa magharibi. Aliizunguka injini, akaipiga teke kidogo kama mtu anayeamsha mlevi.

"Hii imekwisha, mke wa ndugu yangu. Nipe ng'ombe niwapeleke kwangu. Maji ninayo."

Mma hakushuka garini. "Wakienda kwako watarudi lini, Rra?"

"Watarudi mvua ikinyesha."

"Mvua ya mwaka gani?"

Mzee akacheka, lakini macho hayakucheka. "Desemba utavua nguo za msiba, wazee tutakaa, mali itagawanywa. Mpaka siku hiyo hakuna kwato inayotoka kwenye zizi hili kwa kuuzwa. Unajua. Lakini kufa kwa kiu hakungoji Desemba. Ukishindwa kuwanywesha nitakuja kuwachukua, na hakuna atakayenilaumu."

Mzee akaondoka. Mma akaniambia kitu ambacho hakuwahi kuniambia, ana kwa ana, kama mtu anavyomwambia ndugu. Ng'ombe wakiwa hapa siku ya kikao, mbele ya kisima kinachotoa maji, wazee watamwachia zizi alishike hadi Seeletso amalize masomo. Wakiwa kwa shemeji yake, watagawanywa huko huko, na yeye atapewa mkia.

"Basi tufanye nini, Mma?"

"Wewe nywesha. Kufikiri niachie mimi."

Septemba 6 hadi 20
Naswaga ng'ombe hadi kisima cha serikali, kwenda na kurudi siku nzima, siku moja hivi, siku moja pumziko. Sina nguvu ya kuandika.

Septemba 26
Mma amefikiri. Anataka kumuuza Phatshwa.

Phatshwa ni maksai mweusi na mweupe, mkubwa, shingo kama gogo la kutwangia mtama. Ana chapa ya Mma mwenyewe, si ya mumewe. Mama yake alikuwa zawadi aliyopewa Mma alipojifungua Seeletso. Kwa sheria ya serikali ni wake, anauza akitaka. Kwa desturi, bado yumo zizini mwa marehemu, hagusiki mpaka nguo zivuliwe.

"Bei yake inatosha kutengeneza injini," alisema. "Nikivua nguo nitamwambia Rra Gabaake mwenyewe, mbele ya watu wote, na maji yatakuwa yanatoka. Mtu hagombani na maji. Lakini kabla ya hapo, Tavengwa, asijue mtu. Umenisikia? Mtu."

"Nimesikia, Mma."

"Tafuta bei kwenye simu yako. Nisije nikavunja mwiko kwa bei ya mbuzi."

Halafu akaomba nimpigie Phatshwa picha nzuri, ubavuni, jua likiwa nyuma yangu. Si ya kuuzia. Ya kubaki nayo. Hajamwona kwa karibu tangu Desemba.

Septemba 28
Nimetazama Tlhwatlhwa mchana kutwa. Maksai wa umri wake, hali yake, wameuzwa pula elfu nane na kidogo. Nimeandika kwenye kiganja nisisahau.

Oktoba 3
Pheko, mnunuzi, kaja na lori lake. Kijana mnene, kofia ya kuogelea kichwani sijui kwa nini, kisima chenyewe hakitoi maji.

"Elfu tano na nusu, Mma, kwa sababu ya msiba. Wengine ningewapa tano."

Mma akanitazama kupitia dirisha la gari. Nikataja bei za maksai waliouzwa Palapye, Mahalapye, na hapa hapa Serowe.

Pheko akanigeukia. "Huyu mkwerekwere ana redio gani kichwani?"

"Anayo ya kutosha kukusikia ukidanganya," Mma akajibu. "Panda bei au panda lori lako."

Walivutana mpaka kivuli cha mti kikahama. Elfu nane na mia mbili. Pheko akaapa hatapita Serowe, atakwenda moja kwa moja machinjioni Francistown kwa barabara ya nyuma. Phatshwa alipanda lori bila kusukumwa. Mma aligeuza uso upande mwingine.

Kabla ya kuondoka alishusha mfuko garini. Kilo mbili za sukari, hazijafunguliwa. "Umefanya kazi ya mtoto wa nyumbani," akasema.

Nimemchora kama bahili ndani ya daftari hili. Nafuta.

Oktoba 5
Jumapili. Kichuguuni. Nimeweka mauzo ya Phatshwa kwenye Tlhwatlhwa. Ni lazima nichangie, la sivyo ukurasa utafungwa, na Mma atahitaji bei tena. Sikuandika jina la mtu. Mahali nimeandika "magharibi ya Serowe" tu. Picha ni ile ile ya ubavuni, maana bei yenye picha ndiyo watu wanayoiamini, lakini chapa nimeifunika kwa doa jeusi kama Seeletso alivyonifundisha. Tovuti si mtu. Nimeridhika.

Oktoba 6
Watu ishirini na kitu wamenishukuru. Mmoja wa Maun ameandika: "Rra Gokwe, huyo si ng'ombe, huyo ni chifu." Nyota ya nne.

Oktoba 10
Fundi amekuja, kachukua vipimo. Vipuri vinatoka Bulawayo. Nimecheka: nami nilitoka njia hiyo hiyo, hakuna aliyenisubiri kwa hamu hivi.

Oktoba 13
Joto. Ng'ombe jike mwekundu kaanguka njiani, tukamwinua kwa kamba mimi na mchungaji wa kambi ya pili. Amesimama. Mungu yupo.

Oktoba 18
Sijui nianzie wapi.

Rra Gabaake alifika asubuhi, na Mma nyuma yake. Alikuwa amempitia nyumbani akamwamuru amfuate. Mzee hakuwa na hasira niliyoizoea. Alitembea taratibu hadi ukingo wa zizi, akashika mti wa lango, akatazama ndani muda mrefu. Kisha akamwendea Mma garini, akatoa simu. Alimpa mkononi, kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa habari ya kifo.

"Mkwe wangu wa Maun amenitumia hii. Ameniuliza, baba, je, huyu si wa kwenu? Nisomee rangi, mimi miwani nimeacha."

Mma hakusoma.

"Mmefunika chapa," mzee akasema. "Mtu anaweza kuficha chapa. Ng'ombe ataficha uso wapi? Huyu nilimtoa tumboni mwa mama yake kwa mikono hii, alikuwa amekaa vibaya, ndugu yangu ameshika taa na anatetemeka. Nimjue kwa chapa? Mimi?"

Hapo nilikuwa nimesimama na ndoo. Nilidhani nitaona mtu mwenye tamaa amepata alichokitafuta. Niliona mzee analia, na hajifuti.

"Ungeniambia," akasema. "Ningekataa, ndiyo, ningepiga kelele, ndiyo desturi yangu. Lakini ungeniambia. Mimi nisomewe kifo cha zizi la ndugu yangu na wageni wa Maun, chini yake watu wanapongeza?"

"Ni wangu, Rra," Mma akasema kwa sauti ndogo. "Chapa ni yangu."

"Chapa yako, nguo za msiba za nani?" Akachukua simu yake. "Hapa kuna jina. Gokwe. Ndiye nani huyu?"

Ndoo ilikuwa nzito, nami sikuitua. Mma alinitazama. Anajua nilikotoka, kila Krismasi yeye ndiye anayenipeleka kwenye basi la Gokwe. Alinitazama kiasi cha mtu kumeza mate.

"Simjui," akasema.

Nami nikanyamaza. Nimeandika. Nikanyamaza.

Mzee akasema kesho kutwa nianze kuwaswaga kwenda kwake, wote, wa marehemu na wawili wengine wenye chapa ya Mma pia, kwa sababu ng'ombe hawatenganishwi kabla ya kikao, na kwa sababu mtu aliyeuza mmoja gizani anaweza kuuza wote gizani. Mma hakubisha. Hakuwa na mahali pa kusimama pa kubishia.

Oktoba 20
Nimewaswaga. Hakuna mchungaji mwingine wanayemfuata, kwa hiyo ni mimi niliyewatoa. Jike mwekundu, yule tuliyemwinua, alirudi langoni mara mbili, nikamrudisha kwa fimbo. Kwa Rra Gabaake kuna maji hadi birika linafurika. Walikunywa kama hawana kwao. Mzee mwenyewe aliniletea maziwa ya mgando na uji wa mtama, akakaa kando yangu kwenye jiwe.

"Wewe uliwatunza vizuri," akasema. "Mkia umenyooka, macho maangavu, kiangazi chote hiki. Ukitaka kazi, baki hapa."

Nilikula chakula chake. Nilitaka kumwambia Gokwe ni nani. Maziwa yalikuwa matamu. Sikumwambia. Nilisema tu kwamba nitarudi kwa Mma mpaka mwezi uishe.

Oktoba 24
Ijumaa. Mma alikuja ingawa hakuna cha kunywesha. Safari hii aliteremka, akakaa juu ya gogo, jikoni kwangu, maana hakuna njia ya ng'ombe ya kuogopa kuikatiza.

Nikamwambia: "Mma, ni mimi niliyeweka picha."

"Nani mwingine ana picha ile?"

"Kwa nini hukunitaja?"

"Angekufukuza saa ile ile. Na ng'ombe wangu wangeondoka wakiswagwa na mtu asiyewajua, wakifia njiani." Akachokora majivu kwa kijiti. "Usidhani nimekusamehe, Tavengwa. Nilikuhitaji."

Nikamwambia habari ya sharti, kwamba ukurasa ungefungwa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Ungefungwa lini?"

Ukweli ni kwamba siku zilikuwa bado zimebaki, tena nyingi, na ningeweza kuweka bei ya mbuzi yeyote wa mnadani ikatosha. Niliweka Phatshwa kwa sababu alikuwa mzuri, na nilitaka watu waseme nimeleta kitu kizuri. Nilimwambia hivyo. Ni mara ya kwanza nalisema kwa sauti, hata humu sikuwa nimeliandika.

Akatikisa kichwa polepole. "Watu wanakuita nani huko?"

"Rra Gokwe."

"Mimi ningekuita Rra, kama ungeniomba."

Oktoba 29
Vipuri vimefika. Fundi amefunga. Injini imewaka mara ya kwanza tu ilipojaribiwa. Maji yamejaa tangi, yamejaa birika, yamemwagika chini. Njiwa wamekuja kunywa. Niliiacha ingurume kidogo, kisha nikaizima. Sikujua namwagia nani.

Novemba 2
Nimepanda kichuguu kwenda kumfuta Phatshwa. Tovuti inakataa. Imeandikwa kwamba mauzo yaliyokwisha kuthibitishwa na wasomaji hayafutwi, kwa sababu wengine wameyategemea kupanga bei zao. Naelewa. Ni sharti zuri, nami nililisifu mwenyewe zamani. Mtu wa Ghanzi ameandika chini yake kwamba kwa bei ile amemkatalia mnunuzi mwizi, ameokoa mali ya baba yake. Ananibariki mimi na kizazi changu.

Nilisoma baraka hiyo na haikuwa na mahali pa kukaa.

Novemba 9
Mawingu, kisha hakuna.

Novemba 14
Mawingu. Mma hakuja.

Novemba 21
Mvua! Ilianza na mawe, ikaendelea siku nzima. Bati la jiko limeng'oka tena. Kila shimo lina maji sasa. Kama tungevumilia mwezi mmoja na nusu kwa kisima cha serikali, tusingehitaji injini, tusingehitaji kumuuza Phatshwa. Lakini nani angejua. Nalisema hili kujifariji na halifariji.

Novemba 30
Tlhwatlhwa imenikumbusha: sijachangia, ukurasa utafungwa. Jana nilikuwa mnadani Serowe nikaona maksai saba wakiuzwa, naweza kuwaandika wote kwa rangi zao. Nikasema hapana, basi, nimeacha. Halafu nikamkumbuka yule wa Ghanzi. Nikawaandika wote saba. Bila picha. Na jina nimelibadilisha, si Gokwe tena. Nyota zimerudi sifuri.

Desemba 6
Rra Gabaake ametuma ujumbe: kikao cha mgawanyo kimesogezwa hadi majira ya baridi, wazee wawili wanaumwa. Ng'ombe watabaki kwake. Anauliza tena kama nataka kazi, maana jike mwekundu anakataa kula. Nimejibu hapana. Kwa nini nimejibu hapana, na hapa sina ng'ombe hata mmoja wa kuchunga, sijui. Maidei, mke wangu, akisikia atanipigia simu ya matusi, na atakuwa na haki.

Desemba 13
Leo Mma amevuliwa nguo. Asubuhi shangazi zake walimnyoa nywele, wakamwosha, wakachoma zile nguo nyeusi, wakamvika gauni la buluu na shali mpya begani. Nyumbani kwake Serowe walipika nyama kwa sufuria kubwa. Nilikula nikiwa nimesimama, nyuma ya ukuta. Rra Gabaake alikuwepo, alizungumza vizuri, alimtaja ndugu yake, hakumtaja Phatshwa. Mma alimmiminia pombe ya mtama kwa mkono wake mwenyewe.

Alasiri akamwambia jirani amlete huku. Nikapanda nyuma ya pikapu.

Gari lilikwenda kwenye ule mti wa miiba kwa mazoea, likataka kusimama. Akasema, "Endelea." Likaenda hadi langoni.

Akateremka. Akavua viatu. Nikafungua lango ingawa lilikuwa wazi, niliona ndivyo inavyofaa. Akaingia zizini.

Mvua ilikuwa imelainisha samadi. Nyayo za kwato zilikuwa bado zimo, zile za Oktoba, kila moja imejaa maji, na majani mabichi yameanza kuota pembeni. Alitembea katikati yake kwa uangalifu, akipandisha gauni kidogo, kama mtu anayepita kati ya watu waliolala.

Akafika katikati, akasimama.

"Phatshwa alikuwa anasimama wapi?" akauliza.

Nikamwonyesha. Pale kwenye kona ya mashariki, penye mti wa uzio uliosuguliwa ukang'aa. Akaenda akauwekea mkono, pale pale shingo ilipokuwa ikisugua, akabaki hapo.

"Hebu nipe ile picha," akasema.

Nikampa simu. Alitazama, akaukuza uso wa Phatshwa kwa vidole viwili, mpaka mimi niliyesimama nyuma sikuona kitu kingine ila jicho.